Juu ya Kukichafua Kitu Kipya

Je, ni halali kukichukua kitu kipya, kizima, kinachong'aa, ukakipaka kutu na masizi ili kionekane kimechakaa? Wageni wanaofika kwangu na kuiona meza ya reli yangu huniuliza swali hili kwa mzaha, wakacheka, wakaendelea na chai yao. Mimi sikuweza kuliacha. Kila nilipoligeuza niliona ndani yake mambo ambayo nimeyahangaikia maisha yangu yote ya ualimu: kweli ni nini, uongo ni nini, na ni wakati gani kuiga kunakuwa kudanganya.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana kwetu haujulikani sana. Huko Uingereza wako watu wengi, tena wazima wenye mvi, ambao hujenga reli ndogo za mfano majumbani mwao. Wengine hujenga stesheni kubwa za mjini, lakini inayopendwa sana ni reli ya shamba: njia moja inayochepuka kutoka reli kuu, ikakata mashamba na vilima, ikaishia katika mji mdogo wa soko. Hapo pana jengo la stesheni, ghala la mizigo, zizi la kupakilia ng'ombe, tangi la maji, na nyumba mbili tatu za wanakijiji. Majengo haya huuzwa yakiwa vipande ndani ya sanduku. Ratio na Wills hutoa vipande vya plastiki. Metcalfe na Superquick hutoa kadi iliyokwisha kuchapwa rangi za matofali na mawe. Airfix, ambayo wengi huijua kwa ndege zake za vita, nayo ilitoa nyumba za namna hii, na kalibu zake baadaye zikaingia mikononi mwa Dapol, zikaendelea kutumika. Kipimo cha kawaida ni milimita 4 kwa kila futi moja, yaani kitu kimepunguzwa mara 76. Mtu mzima wa mita 1.70 anabaki na milimita 22, chini kidogo ya urefu wa ncha ya kidole gumba changu.

Masanduku yangu ya kwanza niliachiwa na mkufunzi mwenzangu, Mwingereza, tuliyefundisha naye chuo cha ualimu. Mkataba wake ulipokwisha alisema yatanifaa kwa zana za kufundishia. Nilipostaafu ndipo nilipoyafungua kwa nia ya kuyamaliza.

Kuunga vipande si kazi kubwa. Unavikata kutoka kwenye vijiti vinavyovishikilia, unapitisha tupa mahali palipobaki mshono wa kalibu, unajaribu kama pembe inakaa sawa, ndipo unatia gundi. Gundi yenyewe huyeyusha plastiki, ikaviunganisha vipande viwili vikawa kimoja. Kwa hiyo hakuna kurudi nyuma, na mtu asiye na subira huvuna alichopanda. Wapo wanaosema kwamba kazi ya namna hii si ya mwungaji, ni ya yule aliyechonga kalibu. Sioni haja ya kubishana nao sana. Fundi cherehani hakufuma kitambaa.

Kazi yenyewe huanza baada ya gundi kukauka. Jengo limesimama, limenyooka, na halifanani na jengo lolote lililopata kuwako duniani. Plastiki inang'aa kama sahani iliyooshwa. Ukilipaka rangi moja kwa moja kutoka mkebeni litakuwa zuri kama pipi. Mwenye kujua huanza na rangi ya msingi isiyong'aa, kisha hupunguza makali ya kila rangi, kwa kuwa tunachokitazama kwa karibu mezani tunatakiwa kukiona kama kilicho mbali. Nyeusi halisi haitumiki kabisa. Kijivu kilichoiva ndicho hutoa weusi unaoaminika. Ukuta wa matofali hupakwa, kisha hupitishwa maji ya chokaa au ya rangi hafifu yajaze mistari kati ya tofali na tofali. Halafu ndiyo uchafu wenyewe: unga wa chaki uliosagwa, brashi iliyokauka, kidole.

Na hapa ndipo penye elimu. Uchafu hauji popote unapopenda, una sababu. Breki za mabehewa ya zamani zilikuwa vipande vya chuma vikisugua magurudumu, na unga wa chuma hicho ulirushwa chini ukapata kutu. Kwa hiyo kokoto na mataruma huwa ya hudhurungi zaidi pale treni inapopunguza mwendo, karibu na stesheni, kuliko katikati ya pori. Masizi hukaa chini ya daraja na juu ya mlango wa banda la injini, mahali moshi ulipokosa pa kupaa. Kutu ya bati huanzia kwenye msumari, ikateremka na maji. Nyasi za paa huwa za dhahabu zikiwa mpya, lakini baada ya misimu michache hugeuka kijivu, na mtu anayezipaka rangi ya manjano hajawahi kutazama paa. Uingereza mabehewa ya ng'ombe yalioshwa kwa chokaa kwa hofu ya maradhi ya mifugo, desturi iliyodumu hadi miaka ya 1920, na chokaa hiyo ilivuja katikati ya mbao ikaacha michirizi myeupe ubavuni. Ukiiona michirizi hiyo kwenye behewa la mfano lenye urefu wa kidole, umeona sheria, umeona ugonjwa, umeona kibarua aliyeshika ndoo.

Mjukuu wangu mmoja alinikuta nikilipaka ghala masizi, akanisikitikia. 'Babu, mbona unalichafua na bado jipya?' Nilimchukua nje tukautazame ukuta wa jiko letu. Juu ya dirisha pana masizi. Kando ya mlango, kimo cha kiuno, pana weusi wa mikono. Chini pana tope la matone ya mvua, lisilopita magoti. Nikamwuliza ni nani aliyeupaka ukuta ule. Akafikiri, akasema, 'Hakuna aliyepaka, Babu. Ni sisi tu.' Nikamwambia kwamba hao ndio ninaojaribu kuwaonyesha pale mezani, kwa sababu ghala lisilo na doa ni ghala ambalo hakuna mtu aliyepata kubeba gunia ndani yake.

Jibu hilo lilimtosha mtoto. Halikumtosha mzee mwenzangu, mwalimu wa hisabati mstaafu, ambaye hapendi hoja ipite bila kupekuliwa. 'Mkuu,' aliniambia, 'wewe uliyekuwa huvumilii kijana aghushi hata sahihi ya mzazi wake, leo unaghushi kutu?'

Ni hoja nzito. Ughushi wa uzee upo, tena una soko. Wapo wauzaji ambao hutengeneza kasha la njumu mwezi huu, wakalipaka chai, wakalifukia udongoni, kisha wakamwuzia mgeni kama kasha la enzi za babu. Mikono yao hufanya yale yale ninayofanya mimi, pengine kwa ustadi zaidi. Kama kosa lingekuwa katika rangi, sote tungekuwa na hatia moja.

Lakini angalia pia upande wa pili. Katika miaka yangu ya kazi nimeona shule ikijiandaa kupokea mgeni mkubwa. Mawe ya njia hupakwa chokaa. Madawati huazimwa kutoka shule jirani, yakarudishwa jioni. Vitabu vilivyofungiwa kabatini huletwa mezani asubuhi hiyo, vikiwa bado na harufu ya duka. Mgeni hupita, hufurahi, huandika katika kitabu cha wageni kwamba mambo ni mazuri, na mwezi unaofuata shule hiyo hainyimwi kitu ila madawati, kwa kuwa imeonekana inayo. Pale hakuna aliyechafua chochote. Kila kitu kilisafishwa. Na ulikuwa uongo ulioumiza watoto.

Kwa hiyo usafi unaweza kudanganya na uchafu unaweza kusema kweli. Kipimo ninachokishika ni hiki: nani anatakiwa kuamini nini, na akiamini atapoteza nini? Mnunuzi wa kasha ameaminishwa jambo la uongo na amepoteza fedha. Watoto wa shule ile walipoteza madawati kwa imani ya mtu mwingine. Anayetazama meza yangu hadhani hata dakika moja kwamba ghala la sentimita kumi na mbili limetumika miaka hamsini. Anajua, nami najua kwamba anajua. Nilimwambia hivyo mwalimu wa hisabati, akakubali nusu. Nusu ya pili alisema ataifikiria, na ndiyo iliyonifikirisha mimi.

Maana mfano una uongo mwingine, ambao haumo katika rangi. Chukua reli yenyewe. Reli ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435. Ukigawanya kwa kipimo cha milimita 4 kwa futi, unapata 18.83. Lakini reli za mfano zinazouzwa sana huko zina upana wa milimita 16.5. Sababu yake ni ya kihistoria. Reli hiyo ilikwisha kuwako kwa kipimo kidogo zaidi, cha milimita 3.5 kwa futi, na injini za Uingereza ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya. Mota za zamani hazikuweza kuingia ndani yake. Wakaongeza ukubwa wa injini, reli wakaiacha kama ilivyokuwa. Matokeo yake ni kwamba treni nzuri, iliyopakwa kila kutu yake mahali pake, inapita juu ya reli iliyopungua upana kiasi ambacho kwenye reli halisi kingekaribia sentimita 18. Wako wanaoshindwa kulala kwa jambo hilo, wakajenga reli yao wenyewe ya 18.83. Wengi wamezoea, hawaioni tena. Tena kuna masafa: maili moja kwa kipimo hiki inahitaji mita 21. Meza yangu ina mita tatu. Stesheni, kijiji, daraja na mlima vimebanwa ndani ya nafasi ambayo huko kwenyewe ingetosha viwanja viwili vya mpira.

Hizi nazisamehe. Ramani nayo hubana, na hakuna anayeiita mwongo. Ninayoiogopa ni ile inayohusu wakati na watu.

Mfano mmoja unaopendwa sana na wajenzi wa reli za shamba ni stesheni ya Ashburton, katika jimbo la Devon, kusini-magharibi ya Uingereza. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1872 kutoka Totnes. Ilikuwa na kila kitu ambacho mjenzi angetamani: mji mdogo, ghala la mawe, mazizi ya mifugo, na stesheni yenye paa lililofunika njia na jukwaa pamoja. Mezani stesheni hii huwa na pilikapilika: treni imefika, kina mama wenye kofia wanashuka, mchukuzi anasukuma mkokoteni, ng'ombe wanapakiwa. Katika maisha halisi treni za abiria zilikoma mwaka 1958, za mizigo mwaka 1962. Watu husema reli hizi ziliuawa na Dakta Beeching, ambaye taarifa yake ya mwaka 1963 ilipendekeza stesheni 2,363 zifungwe. Lakini Ashburton ilikuwa imekwisha kufa kabla taarifa ile haijachapwa. Iliuawa na basi, na lori, na gari la binafsi. Iliuawa na watu wale wale walioipenda ila hawakuipanda. Jambo la ajabu ni kwamba sehemu ya chini ya reli hiyo, kati ya Totnes na Buckfastleigh, ilifunguliwa upya mwaka 1969 kama reli ya wapenzi wa treni za mvuke, na mgeni rasmi akawa Beeching mwenyewe. Kipande cha juu, kile cha kuingia Ashburton, kilipisha barabara kuu.

Nasi tusiwacheke. Tulioona treni ya abiria ya kaskazini ikisimama kwa miaka mingi, hadi iliporudi mwaka 2019, tunakumbuka vizuri nani aliyehamia kwenye basi kwanza.

Basi mjenzi akiijaza Ashburton abiria, je, amedanganya? Kila kofia ni sahihi, kila doa lina sababu, na jumla yake ni stesheni ambayo kama ingekuwa hivyo isingefungwa. Hapo kipimo changu kinaniyumbia, kwa sababu anayeaminishwa uongo ni mjenzi mwenyewe, na anachokipoteza ni kujua kwake kwa nini kitu kilipotea.

Suala la paa ni zito zaidi. Alikuwako Mwaustralia, Roye England, aliyefika Uingereza mwaka 1925 akazipenda nyumba za vijiji vya Bonde la White Horse: kuta za mawe na mbao, paa za nyasi. Aliona zikibomolewa na kubadilishwa, akaamua kuzihifadhi kwa mfano mdogo, nyumba kwa nyumba, kwa kipimo hiki hiki cha milimita 4. Mwaka 1954 akaanzisha makumbusho ya Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham. Alifariki mwaka 1995, lakini kazi yake wameiendeleza wengine, wakijenga kwa kadi na rangi za maji bonde lile kama lilivyokuwa miaka ya 1920 na 1930. Wao hawanunui masanduku. Hupima nyumba zenyewe na kutumia picha za zamani, na nyumba moja huweza kumaliza mamia ya saa za kazi. Namheshimu sana mtu huyo. Alipiga vita usahaulifu kwa wembe na gundi.

Lakini ndani ya paa za nyasi mlikuwa na watu. Nyumba nyingi za namna ile zilikuwa na unyevunyevu, maji yalichotwa kisimani, choo kilikuwa mwisho wa bustani. Mwenye nyumba aliyeling'oa paa la nyasi hakuwa adui wa uzuri. Alitaka kulala bila kudondokewa. Sisi huku hatuhitaji kufundishwa hilo na Mwingereza. Nimeishi katika vijiji ambamo mtu akiezeka bati la kwanza majirani huja kumpongeza kama aliyepata mtoto, na nimewasikia wageni wakinung'unika barabarani kwamba bati limeharibu mandhari. Mgeni ana haki ya kupenda nyasi. Hana haki ya kutaka mwenzake aendelee kuvujiwa ili yeye apate picha. Na mimi, nikiwa na brashi mkononi, ni mgeni katika kijiji kile cha Kiingereza kwa namna hiyo hiyo.

Katika masanduku yangu kulikuwa na nyumba ya ezeko la nyasi, nzuri mno, na picha ya juu ya sanduku ilionyesha maua hadi dirishani. Nikakumbuka jambo ambalo wapenzi wa mandhari hawalipigii mbiu: kwamba vijijini Uingereza, nyasi zilipochoka na fedha ya mwezekaji haikuwapo, watu walipigilia bati juu ya nyasi zile zile. Bati la mawimbi ni la kwao hasa. Aliyepata hataza yake mwaka 1829 ni mhandisi Henry Palmer wa London, na kutoka huko ndiko lilikotufikia hata sisi. Mawimbi yake ya kawaida ni inchi 3, kwa hiyo mezani yanakuwa milimita moja kwa kila wimbi. Nilichukua karatasi laini ya bati ya vifuniko, nikaikandamiza juu ya chanuo lenye meno ya nafasi hiyo, nikaikata vipande vya upana wa bati, nikaezeka nusu ya paa. Nusu nyingine niliiacha nyasi, zikiwa kijivu na zimebonyea katikati. Kisha nikapaka kutu, nikianzia kwenye misumari.

Wageni hawaipendi nyumba hiyo. Wanauliza kwa nini nimeiharibu, na mwalimu wa hisabati aliuliza hivyo hivyo, halafu akainama akaitazama tena kwa muda. 'Bati limeanzia upande wa chumba cha kulala,' akasema. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ningekuwa mimi ningeanzia hapo. Hakusema kitu kuhusu kughushi siku hiyo. Alitaka kujua tu kama wenyewe walipata fedha ya kumalizia upande wa pili, nami nikamjibu kwamba reli yangu inaishia mwaka 1958 na hilo sikulijua.

Limebaki jukwaa. Sanduku la watu limekuja na watu 24, wote wa kuketi na kusimama, kina mama wenye kofia wakiwamo. Nimekwisha wapaka nyuso. Nimemweka mkuu wa stesheni, mchukuzi mmoja, na mwanamke mwenye kikapu anayengoja treni ya saa nne. Wengine 21 bado wamo sandukuni, na sijaamua kama yuko mwingine wa kumtoa.